Kuvunja kwa Ridhaa: Historia ya Zana Huria za Kupima Usalama wa Wingu

Tarehe 5 Aprili 1995 programu ya kutafuta udhaifu wa kompyuta za mtandaoni, iliyoitwa SATAN, iliwekwa kwenye intaneti ili yeyote aichukue bure. Mmoja wa waandishi wake, Dan Farmer, alikuwa ametoka tu kupoteza kazi katika kampuni ya Silicon Graphics kwa sababu ya programu hiyohiyo. Mwenzake, Wietse Venema, alikuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi. Kwa wiki kadhaa magazeti ya Marekani yalikuwa yakitahadharisha kwamba siku hiyo itakuwa ya balaa, na kwamba kutoa kitu cha namna ile ni sawa na kuwagawia watoto bunduki. Waliochukizwa na jina walipewa ndani ya programu yenyewe amri ndogo ya kuligeuza liwe SANTA. Siku ikafika, ikapita, na intaneti ikaendelea kama kawaida.

Hoja ya wawili hao ilikuwa imeandikwa miaka miwili kabla. Mwaka 1993 walitoa makala iliyowafundisha wasimamizi wa kompyuta kuimarisha mitandao yao kwa kuivunja wenyewe. Msimamizi akitazama mfumo wake huona alichokipanga; mvamizi huona kilichosahauliwa. Basi msimamizi naye ajifunze mbinu za mvamizi, azitumie kwake mwenyewe kabla mgeni hajabisha. Na kwa kuwa wavamizi tayari walikuwa wakipeana siri hizo gizani, Farmer na Venema waliona hakuna haki ya kumficha mlinzi peke yake. Hadi leo kila zana nitakayoitaja hapa imesimama juu ya hoja hiyo.

Mwishoni mwa 1996 Farmer alikagua kwa SATAN kompyuta zipatazo 2,200, nyingi zikiwa za mabenki, magazeti na idara za serikali ya Marekani, bila kuingia ndani yake. Zaidi ya nusu zilikuwa na udhaifu mkubwa. Sehemu hizo zilizojulikana sana zilikuwa katika hali mbaya kuliko kompyuta za kawaida alizozichukua kwa kulinganisha. Tusilipite jambo moja, hata hivyo: Farmer hakuwaomba ruhusa wenye kompyuta hizo. Suala la ridhaa lilikuwepo tangu mwanzo, na litarudi.

Baada ya SATAN mlango ulifunguka. Septemba 1997 Gordon Lyon, anayejulikana kwa jina la Fyodor, alichapisha Nmap katika jarida la wadukuzi la Phrack. Ni programu ya kuuliza kompyuta ya mbali ni milango ipi ya mtandao imeachwa wazi. Mwaka 1998 kijana Mfaransa, Renaud Deraison, alianza Nessus, iliyokwenda hatua mbele na kutafuta udhaifu unaojulikana nyuma ya kila mlango. Mwaka 2003 H.D. Moore alileta Metasploit, na hapo mpimaji akaweza kuthibitisha kwamba ufa kweli unapitika, badala ya kudhani tu. Nessus ilifungwa mwaka 2005, ikawa mali ya kampuni isiyotoa tena msimbo wake. Lakini msimbo uliokwisha kutolewa haukuweza kurudishwa, na wengine wakauendeleza kwa jina la OpenVAS. Hiyo ndiyo faida ya uhuria ambayo watu huisahau: mwenye kitu anaweza kubadili nia, lakini kilichotolewa kwa umma kimetolewa.

Zana hizo zote zilikuwa na dhana moja. Zilichukulia kwamba kompyuta ipo mahali, ina anwani yake, ina milango, na kazi ya mpimaji ni kuizunguka akijaribu vitasa. Dhana hiyo ilianza kuyumba mwaka 2006, na sehemu kubwa ya kazi iliyoiyumbisha ilifanyika Afrika.

Chris Pinkham, mhandisi wa Afrika Kusini aliyekuwa akiongoza miundombinu ya Amazon huko Seattle, alitaka kurudi nyumbani. Kampuni haikutaka kumpoteza, ikamwachia afungue ofisi Cape Town. Huko, pamoja na Christopher Brown, Willem van Biljon na kundi dogo la wahandisi, alijenga huduma ya kukodisha kompyuta kupitia intaneti. Amazon ilikuwa imekwisha kufungua S3, ghala la kuhifadhi mafaili, tarehe 14 Machi 2006. Huduma ya Cape Town, EC2, ilifunguliwa kwa majaribio tarehe 25 Agosti mwaka huohuo. Mashine moja ilikodishwa kwa senti 10 za Marekani kwa saa. Mtu mwenye kadi ya benki aliweza kuwasha seva kadhaa asubuhi na kuzizima jioni, bila kununua hata waya.

Kilichobadilika kiusalama kilichelewa kueleweka. Katika kituo cha data cha zamani, anayetaka kufuta seva zako zote alilazimika kuzifikia moja baada ya moja. Katika wingu, kama huduma hizi za kukodi zilivyokuja kuitwa, seva, maghala, hifadhidata, mitandao na hata watumiaji wenyewe huundwa na kufutwa kwa maagizo yanayotumwa kwa mtoa huduma, na kila agizo husainiwa kwa ufunguo. Mwenye ufunguo hahitaji kuvunja mlango wowote. Maagizo yake ni halali mbele ya mfumo. Nmap inaweza kukuambia kwamba milango yote ya mashine imefungwa, na yote yakawa kweli, huku mtu mwenye ufunguo ulioanguka mahali anaifuta akaunti nzima.

Juni 2014 dunia ililiona hilo likitokea. Kampuni ya Code Spaces ilikuwa ikihifadhi msimbo wa waandishi wa programu, na shughuli zake zote zilikuwa Amazon. Mtu asiyejulikana aliishambulia kwa mafuriko ya maombi, kisha akaacha ujumbe wa kudai fedha ndani ya paneli ya kuendeshea akaunti yake ya EC2. Wenye kampuni walipobadilisha manenosiri walikuta mvamizi amekwisha kujitengenezea njia nyingine za kuingia, na alipogundua wanamfukuza, akaanza kufuta. Ndani ya saa 12 data nyingi, nakala za akiba na mipangilio ya mashine vilikuwa vimetoweka. Nakala za akiba zilikuwa ndani ya akaunti ileile. Code Spaces ilitangaza kwamba haiwezi kuendelea na biashara. Hakuna seva iliyovunjwa kitasa.

Dalili zilikuwa zimeanza kuonekana kabla. Robin Wood, Mwingereza, alikuwa ametoa programu ndogo huria ya kubahatisha majina ya maghala ya S3 na kuona lipi limeachwa wazi. Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya Rapid7 walifanya kazi hiyo kwa upana: walikuta maghala 12,328, na kati yake 1,951 yaliweza kutazamwa na yeyote. Karibu moja kati ya sita. Amazon haikuwa imevunjwa. Wateja wenyewe ndio waliobofya kisanduku ambacho hawakukielewa.

Lakini maghala yaliyo wazi ni hadithi nyepesi. Hadithi nzito ni ya anwani moja: 169.254.169.254.

Ndani ya kila mashine ya EC2, anwani hiyo hujibu maswali ya mashine kuhusu nafsi yake: jina langu nani, niko kituo gani, nimepewa mipangilio ipi. Kutoka nje haifikiki. Juni 2012 Amazon iliiongezea kazi kubwa zaidi. Waandishi wa programu walikuwa na tabia mbaya ya kuandika funguo za akaunti ndani ya msimbo, zikavuja pamoja na msimbo. Ili kuiponya tabia hiyo, Amazon iliruhusu mashine ipewe wadhifa, yaani fungu la ruhusa, na programu iliyo ndani ya mashine ichukue funguo za muda za wadhifa huo kutoka kwenye anwani ileile. Lilikuwa wazo zuri na nasema hivyo kwa dhati, liliokoa wengi. Ila ni kama gesti inayotundika funguo za vyumba vyote mapokezi kwa kuamini kwamba aliyeko ndani ya jengo lazima awe mfanyakazi. Tovuti nyingi zina kasoro inayomwezesha mgeni kuidanganya seva itume ombi kwa niaba yake: mgeni hutoa anwani, seva huiendea, kisha humletea jibu. Mgeni akitoa anwani ya 169.254.169.254, seva huuliza, hupewa funguo, na humkabidhi.

Agosti 2014, miezi miwili baada ya Code Spaces, Andrés Riancho kutoka Argentina alisimama kwenye mkutano wa Black Hat, Las Vegas, akaonyesha njia hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Riancho alikuwa tayari ameandika w3af, zana huria ya kupima tovuti. Safari hii alileta nimbostratus, mkusanyiko wa programu ndogo za Python. Moja ilichukua funguo kutoka kwenye anwani ya ndani. Nyingine ilibaini funguo hizo zinaruhusiwa kufanya nini, jambo gumu kwa sababu mvamizi hupata ufunguo bila kupewa orodha ya milango. Nyingine ilinakili hifadhidata kwa kuipiga picha na kuiwasha upya kwa nenosiri jipya, na nyingine ilijaribu kuunda mtumiaji mpya mwenye mamlaka yote. Alianza na tovuti dhaifu moja, akaishia kuimiliki akaunti nzima.

Naiona nimbostratus kuwa ndiyo mwanzo halisi wa fani hii, ingawa leo vijana wengi wanaoifanya kazi hii hawajawahi kuisikia. SATAN ilimfundisha mlinzi kuitazama mashine kwa jicho la mvamizi. Riancho alimfundisha kuzitazama ruhusa. Msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote, na kwa hiyo tangu 2014 hapakuwa na msimamizi wa wingu aliyeweza kusema njia ile haijulikani.

Kulikuwa na kikwazo cha namna nyingine. Wingu ni mali ya mtu mwingine. Mpimaji aliyeruhusiwa na mteja bado alikuwa juu ya mitambo ya Amazon au Microsoft, na miaka hiyo Amazon ilidai fomu ya maombi ijazwe kabla ya kila jaribio. Hata ukikubaliwa, mashine ndogo hazikuruhusiwa kupimwa. Microsoft iliondoa sharti la kuomba kwanza Juni 2017. Amazon ilifuata mwanzoni mwa 2019 kwa huduma zake nane kuu. Masharti hayo yalieleweka, kwa sababu mtoa huduma anayeona shambulio hawezi kujua kwa kutazama tu kama ni mpimaji au mwizi. Lakini yaliifanya kazi ya kujipima iwe ya wachache wenye muda na mawakili.

Katikati ya miaka hiyo zana zikaanza kuja kwa wingi. Ndani ya iSEC Partners, kampuni iliyokuwa chini ya NCC Group ya Uingereza, iliandikwa Scout2, iliyosoma mipangilio ya akaunti nzima na kuonyesha penye hatari. Mwaka 2018 ilipanuliwa ikashughulikia Azure, wingu la Microsoft, na wingu la Google pia, ikaitwa Scout Suite. Mwaka 2016 Mhispania Toni de la Fuente alitoa Prowler, ambayo mwanzoni ilikuwa amri za bash tu za kukagua akaunti kwa kufuata mwongozo wa Center for Internet Security. Dylan Ayrey alitoa TruffleHog, inayochimba historia ya msimbo kutafuta funguo zilizoandikwa humo kwa uzembe. Umuhimu wa TruffleHog haukuhitaji kuelezwa: mwaka 2016 wavamizi walikuwa wamezikuta funguo za Uber ndani ya msimbo wake kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, wakazitumia kuchukua data za watu milioni 57, na Uber ikawalipa dola 100,000 na kunyamaza mwaka mzima.

Nitakaa zaidi kwa Scott Piper, kwa sababu alichokifanya kilikuwa ukarimu mtupu. Februari 2017 alifungua flaws.cloud, akaunti halisi ya Amazon iliyokosewa kwa makusudi, ambayo yeyote duniani anaruhusiwa kuivunja. Ina hatua sita. Ukikwama kuna dokezo, na baada ya kila hatua kuna maelezo ya namna ya kuepuka kosa hilo kazini kwako. Hakudai malipo wala usajili. Hatua ya tano inampa mwanafunzi seva yenye proksi inayotuma maombi popote inapoambiwa, na jibu lake ni kuiambia iende 169.254.169.254. Mtoto wa sekondari mwenye subira angeweza kulipata.

Mwaka 2018 kampuni ya Rhino Security Labs ya Seattle ilitoa Pacu, jina la samaki wa mto Amazon aliye ndugu wa piranha. Pacu ilikuwa kwa wingu kile Metasploit ilichokuwa kwa seva: mahali pamoja pa kuendeshea hatua zote, kuanzia kuorodhesha watumiaji hadi kujipandisha cheo, kuficha nyayo na kuchukua data. Nyuma yake kulikuwa na utafiti wa Spencer Gietzen, aliyeorodhesha njia ambazo mtumiaji mdogo hujigeuza mkubwa bila kuvunja sheria yoyote ya mfumo. Mtumiaji anayeruhusiwa kuandika toleo jipya la hati ya ruhusa anaweza kujiandikia mamlaka yote. Anayeruhusiwa kuwasha mashine na kuipa wadhifa anaweza kuiwasha, akaipa wadhifa mkubwa kuliko wake, kisha akaenda kuchukua funguo za wadhifa huo kwenye anwani ya ndani. Kila ruhusa peke yake ilionekana haina madhara. Aliyezigawa hakuwa ameziweka mbili pamoja akazitazama.

Basi tufike Machi 2019.

Capital One ilikuwa miongoni mwa benki kubwa za Marekani zilizohamia wingu mapema, tena kwa fahari. Haikuwa benki ya wazembe. Mwaka 2016 wahandisi wake walikuwa wametoa Cloud Custodian, zana huria ya kulazimisha kanuni za usalama kwenye akaunti za wingu, ambayo inatumika sehemu nyingi hadi leo. Mbele ya mojawapo ya tovuti zake kulikuwa na kichujio cha maombi kilichowekwa juu ya mashine ya EC2. Kichujio hicho kilikuwa kimepangwa vibaya: mgeni aliweza kukifanya kipeleke maombi ndani. Na mashine hiyo, ambayo kazi yake ilikuwa kuchuja tu, ilikuwa imepewa wadhifa wenye ruhusa ya kuorodhesha na kusoma maghala ya S3.

Paige Thompson, mhandisi wa Seattle aliyewahi kufanya kazi Amazon, alikuwa ametengeneza programu ya kutafuta akaunti zilizokosewa namna hiyo. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, faili lililokutwa baadaye kwenye GitHub lilikuwa na amri tatu. Ya kwanza ilichukua funguo za wadhifa wa kile kichujio. Ya pili iliorodhesha maghala. Yalikuwa zaidi ya 700. Ya tatu ilinakili. Data zilikuwa zimesimbwa, lakini wadhifa uleule uliruhusiwa kuzifungua. Zilihusu watu wapatao milioni 100 nchini Marekani na milioni 6 nchini Kanada, wengi wao walioomba kadi za mkopo tangu 2005. Humo kulikuwa na namba 140,000 za hifadhi ya jamii za Wamarekani na namba za bima ya jamii za Wakanada wapatao milioni moja.

Benki haikujua lolote hadi tarehe 17 Julai, msamaria alipoiandikia barua pepe kwenye anwani iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti udhaifu. Thompson alikamatwa tarehe 29 Julai.

Ukiziweka tarehe hizo kwa mfuatano, inauma. Njia aliyopita ilikuwa imeonyeshwa jukwaani mwaka 2014 pamoja na msimbo wake. Ilikuwa zoezi la hatua ya tano la flaws.cloud mwaka 2017. Waliolaumu zana huria baada ya tukio hilo waliyaona mambo kinyume. Tangu siku za SATAN hofu imekuwa kwamba zana ikitolewa hadharani itamfikia mwizi kabla ya mlinzi. Hapa mlinzi alikuwa nayo mkononi kwa karibu miaka mitano. Kilichokosekana ni mtu ndani ya benki aliyepewa muda na amri ya kuuliza: kichujio hiki kikivunjwa, funguo zake zitafungua nini?

Na Amazon je? Kampuni ilishikilia kwamba mfumo wake haukuvunjwa na kwamba kosa lilikuwa la mipangilio ya mteja. Hilo ni kweli na halitoshi. Google na Microsoft, katika mawingu yao, zilikwisha kuweka sharti kwamba ombi kwa anwani ya ndani ya namna hiyo lazima libebe kichwa maalumu, jambo ambalo seva iliyodanganywa kirahisi haiwezi kulifanya. Oktoba 2019 maseneta Ron Wyden na Elizabeth Warren waliiandikia tume ya biashara ya Marekani wakitaka Amazon ichunguzwe kwa kuacha ufa huo. Tarehe 19 Novemba 2019 Amazon ilitoa IMDSv2, toleo jipya la huduma ya anwani ile ya ndani. Katika mpango huu mpya programu hulazimika kwanza kuomba tokeni kwa ombi la aina nyingine kabisa, kisha kuionyesha kila inapouliza. Njia ya amri tatu ikafungwa kwa anayeufanya mpango huo kuwa wa lazima. Tangu Riancho ashuke jukwaani ilikuwa imepita miaka mitano na miezi mitatu.

Agosti 2020 mdhibiti wa mabenki aliitoza Capital One faini ya dola milioni 80, na baadaye benki ikakubali kulipa milioni 190 kumaliza kesi ya wateja. Thompson alifikishwa mbele ya baraza la mahakama Seattle mwaka 2022. Mawakili wake walijenga hoja kwamba alikuwa mtafiti wa usalama tu. Baraza likaikataa. Hakuwa ameombwa na yeyote, hakuwa ameiarifu benki, na kwenye baadhi ya seva alizoingia alikuwa amepandikiza programu za kuchimba sarafu za kidijitali. Zana za mpimaji na za mwizi zinaweza kufanana herufi kwa herufi. Mahakama iliangalia ruhusa na nia.

Baada ya hapo fani ilikua haraka. Rhino waliingiza wizi wa Capital One ndani ya CloudGoat, uwanja wao wa mazoezi, ili mwanafunzi aujenge upya ndani ya akaunti yake mwenyewe, aupitie amri kwa amri, kisha aubomoe. Mwaka 2020 Mholanzi Dirk-jan Mollema alitoa ROADtools kwa ajili ya mfumo wa utambulisho wa Microsoft. Mwaka huohuo BloodHound, iliyozoeleka kuchora njia za mamlaka katika mitandao ya ofisi, ilipata AzureHound ya kuchora njia hizo katika wingu la Azure. Mwaka 2022 kampuni ya Datadog ilitoa Stratus Red Team, inayofanya shambulio dogo la kweli ili uone kama walinzi wako wataliona, na kampuni ya Bishop Fox ikatoa CloudFox, inayomwonyesha mpimaji mgeni mahali pa kuanzia.

Wabaya nao walizichukua. Mwaka 2023 kampuni ya Sysdig ilieleza kundi ililolipa jina la SCARLETEEL, lililoingia kupitia kontena dhaifu, likaiba funguo za Amazon na kutumia Pacu kutafuta njia ya kupanda cheo. Sifichi hilo, na sidhani linavunja hoja ya Farmer na Venema. Pacu ilikuwa na umri wa miaka mitano wakati huo. Mwenye akaunti aliyeipima kwa Pacu, hata mara moja, angeweza kuzijua na kuziba mapema njia ambazo kundi lile lilizitafuta.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii si ya mbali. Aprili 2020 Amazon ilifungua vituo vya data Cape Town, mji ambamo EC2 ilijengwa, na biashara nyingi za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zinaendeshwa juu ya mawingu haya: mikopo ya simu, shule, hospitali, usafiri. Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Zote mbili zinaadhibu kuingia bila ruhusa, na zote mbili zinagusa pia umiliki wa zana zilizokusudiwa kutendea makosa hayo. Kwa hiyo kijana unayejifunza, anza na flaws.cloud na CloudGoat, ambako ridhaa imekwisha kutolewa, na ukiitwa kupima mfumo wa mtu, usiguse kibodi kabla hujashika barua iliyosainiwa inayotaja akaunti, tarehe na mipaka ya kazi.

Na wewe mwenye kampuni: IMDSv2 haikuzilazimisha mashine zilizokuwepo. Mashine ya zamani ambayo hakuna aliyeigusa bado inaweza kujibu kwa njia ileile iliyoiponza Capital One. Prowler na Scout Suite zote hukagua jambo hilo, zote ni bure, na zinahitaji ufunguo wa kusoma tu. Mwagize fundi wako aendeshe moja wiki hii, kisha akuonyeshe kwa maandishi ni mashine zipi bado zinakubali njia ya zamani, na kila moja imepewa wadhifa wa kufungua nini.